Midomo ya Babu, Tumbo la Zuhura

Kambi ya Mkonge, Chanzuru, Kilosa

Mdogo wangu Ramadhani,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Nimefurahi kusikia mvua imewafikia huko Tabora na shemeji amepona jicho. Mshono wangu umekauka, ila bado siwezi kuinama kukata mkonge, na msimamizi ananitazama kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Lakini barua yako imeniudhi. Unasema tumbo linalomsumbua mjukuu wako Zuhura ni ugonjwa wa mchango, tena mkwe wako, mama yake, ndiye aliyeuleta kutoka kwao. Mchango gani, Ramadhani? Mimi miaka nenda rudi tumbo lilinikata, na dresa, mganga msaidizi wa kambi, akaninywesha dawa ya safura.

"Hii niliinywa mwaka jana," nikamwambia.

"Basi mzee, minyoo yako ina kiburi." Foleni nzima ikacheka. Hapa kila aliyepauka ana safura. Hakuna anayetazama zaidi.

Nilipotapika hadi nikashindwa kusimama, nikapelekwa hospitali mjini. Daktari alianza na midomo, si tumbo.

"Vidoa hivi vyeusi, nani mwingine kwenu anavyo?"

Nikajibu kwa fahari: "Babu, baba, mdogo wangu na mwanawe. Kwetu mtoto akitokwa navyo huchinjiwa jogoo."

Hakucheka. Alinipasua, akakuta ndani ya utumbo vinyama vyenye vikonyo, kama uyoga. Si saratani, alisema, lakini huvuja damu kidogo kidogo, na kimoja kilikuwa kimeuvuta utumbo ukajiingia wenyewe, kama mkono wa shati ulioingizwa ndani. Na hurithiwa: mzazi akiwa navyo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, aweza kupata au kukosa, kama sarafu inayorushwa.

Basi mwache mkwe wako. Midomo ile ni yetu; kama Zuhura ana ugonjwa huu, kaupata kwa baba yake, mwanao. Tumekuwa tukiuchinjia ugonjwa majogoo.

Msalimie shangazi, mchimba dawa wetu. Mwambie namheshimu, ila asimpe Zuhura dawa ya kuharisha. Msalimie mwanao; tumbo la Zuhura likikaza na akatapika, wampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na mkwe wako msalimie kuliko wote. Ukimwona anatoka na mtoto mgongoni, usimuulize ruhusa kapewa na nani. Nimempa mimi, mkubwa wako.

Kaka yako,
Juma