Ofsaidi ya Shemeji

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sare.
14 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Kile kifua kimepona, au bado unakohoa ukipanda ngazi? Huku tu wazima. Mama anatembea bila fimbo, na wanangu wanakula kama mchwa.

Nakuandikia kabla shemeji yetu hajakuandikia. Tangu mume huyo wa mdogo wetu apewe usimamizi wa chumba chetu cha ushonaji, hatupumui. Alipelekwa semina siku tatu, akarudi na neno moja tu: ofsaidi. Uzi ukikatika, ofsaidi. Fundi akienda msalani, ofsaidi. Mtu ambaye hajapiga danadana hata moja maishani! Debe tupu, kaka, na bado linataka lipigiwe makofi.

Tulikuwa tukimcheka pembeni mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita. Alisimama kwenye meza ya kukatia, akamwambia baba mdogo mbele ya mafundi wote, "Mzee, wewe uko ofsaidi. Umepitwa na wakati. Weka mkasi, ukafungashe vifungo."

Baba mdogo, aliyemwombea kazi hiyohiyo!

Unajua mzee alishika kibendera uwanjani miaka mingi, mpaka magoti yalipomgomea. Aliweka mkasi taratibu, akauliza, "Mwanangu, mpira kaupiga nani?"

Shemeji akatoa macho. "Mpira gani?"

"Ofsaidi ni kuotea. Mtu haotei kwa kusimama tu. Ni mpaka mwenzake atoe pasi, na yeye yuko kule mbele, kawapita mabeki. Tena aliye upande wake mwenyewe haotei kamwe. Mimi niko kwenye meza yangu. Nimeotea wapi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Badala ya kunyamaza, shemeji akapaza sauti, "Hiyo ni ofsaidi ya zamani!" Eti ya zamani! Kama vile maneno nayo huchacha.

Ila baba mdogo hakucheka. Alivua tepu shingoni, akaikunja, akatoka. Nami, aibu yangu naikiri, nilibaki nimeinamia cherehani.

Shemeji akajitwika ukataji. Alhamisi tukapokea mikono ya mashati ya wanafunzi, mia tatu, yote ya kushoto. Mwenye kiwanda aliitazama, akamwambia, "Mrudishe mzee, la sivyo ondoka wewe."

Juzi akaenda na mkewe kumbembeleza arudi, ila radhi hakuomba. Baba mdogo alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Ameshaweka meza barazani, anakata nguo za majirani.

Sasa shemeji anakutegemea wewe umshawishi mzee, maana anajua mzee halipingi neno lako. Nakusihi, usimsaidie. Mdogo wetu analia, na chozi lake linaniuma. Lakini aliyetukana mbele ya watu hawezi kuomba radhi kwa kutuma watu.

Mimi nimeacha kazi jana. Nilikwenda barazani kwa baba mdogo nikamwomba msamaha kwa kukaa kimya siku ile. Alisogeza vitambaa, akaniachia nafasi ya kuweka cherehani yangu.

Wasalimie wifi na mapacha. Mama anakuombea riziki ya halali na usingizi mwororo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungukiwa,
Fundi wa Marinda