Dereva Aliyebusu Mkate

Ouarzazate, 4 Machi

Kwa mjukuu wangu Tilila,

Salamu nyingi zikufikie huko Kasablanka, wewe na hao wenzako mnaobanana chumba kimoja. Hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au unakunywa kahawa tu na kusema umekula? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linajua mvua kabla ya redio. Mbuzi amezaa. Jirani yangu Itto anakusalimu, na mumewe Moha pia. Juzi Moha aliuawa tena na Warumi kwenye filamu wanayopiga nje ya mji, akarudi jioni na njaa yake kama kawaida.

Usinitumie tena sauti kwenye simu ya Itto. Sikukaa msikitini na vikongwe wenzangu nikijifunza herufi, wajukuu wao wakitucheka dirishani, ili mashine inisemee. Andika. Na mwandiko uwe mkubwa.

Sasa sikiliza. Alhamisi walionyesha ile filamu ya magari. Ni mwaka elfu mbili mia tatu na kitu. Mafuta yamekwisha duniani, maji yamekwisha, lakini matairi, alhamdulillahi, yapo tele. Watu wanashindana kuizunguka ile nyota yenye pete, na anayeshindwa mji wake unazimiwa hewa. Kuna mzee mmoja muovu, nusu ya uso wake ni chuma, anacheka bila mtu kumchekesha. Gari jekundu liliingia kwenye mlima unaotapika moto, likatokea upande wa pili na rangi yake ileile. Itto akasema haiwezekani. Nikamwambia, "Itto, wewe unamlilia yule mwanamke wa tamthilia ya Kituruki anayesahau jina lake kila mwezi, leo umekuwa mhandisi?" Akanuna, lakini hakuondoka. Maandishi ya chini yanakimbia kuliko magari yenyewe. Nasoma nusu, nusu najaza mwenyewe, na yangu ni mazuri zaidi.

Hukuniuliza kwa nini nazipenda filamu hizi, lakini nitakuambia. Gari linapinduka, linabiringika, linawaka, unasema basi, huyu kwisha habari yake. Halafu mlango unapigwa teke, mtu anatoka, anajipangusa vumbi mabegani. Kila mara anatoka. Baba yako hakutoka. Lori lake lilipoanguka kule kwenye kona za mlima Tichka nilikaa mlangoni nikingoja, wakaja wanaume wa mtaa bila yeye. Ndiyo maana nilikuapisha usiguse usukani maisha yako yote, na ndiyo maana mambo hayo nayatazama kwenye televisheni, mahali ambapo hakuna anayeumia. Sisi watu wa mji huu hatudanganywi na filamu. Ngome ni plasta, farasi aliyekufa anaamka kula majani, na ndani ya magari yale yanayoungua wanaweka masanamu.

Uza manukato yako, rudi nyumbani mapema, na sikukuu uje.

Bibi yako,
Rkiya


Kasablanka, 21 Machi

Bibi yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono, nakubusu kichwa, na lile goti pia ili lisione wivu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, wenzangu wakaniomba niwasomee ya mzee wa uso wa chuma, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mimi sijambo, kifua kimepona. Dukani kuko salama. Kiwiko kimechubuka kidogo, niliteleza kwenye ngazi za ghala, usijali. Nakutumia mtandio na chupa ndogo ya manukato. Ya Itto ni ile ya kijani, usimnyime.

Bibi, nasikia sehemu ya pili ya ile filamu yako itaonyeshwa baada ya sikukuu. Wanasema ni kubwa kuliko ya kwanza na kuna dereva mpya. Naomba uitazame, kisha uniandikie unamwonaje. Nataka kujua kutoka kwako, si kwa mtu mwingine.

Sikukuu sitaweza kuja. Mzigo ni mwingi dukani. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Tilila


Ouarzazate, 9 Mei

Tilila,

Mimi mzima. Itto mzima. Mbuzi mzima. Salamu zimekwisha.

Tumeitazama. Huyo dereva mpya amevaa kofia ngumu iliyofunika uso wote, hasemi neno filamu nzima. Nilimpenda mara moja, maana wengine wote wanaongea kupita kiasi. Nikamwambia Itto, huyu mwembamba ndiye atakayemtoa yule mzee chuma chake usoni.

Kabla ya mashindano anapita katikati ya watu wenye njaa, wanamzomea, wanamtupia vitu. Wakamtupia mkate. Mkate ukaanguka miguuni pake. Akainama, akauokota, akaugusisha mdomoni juu ya ile kofia, kisha kwenye paji la uso, akasimama kwa ncha za vidole ili auweke juu kabisa ya ukuta usikanyagwe.

Itto akasema, "Huyo ni wa kwetu."

Mikate mingi huokotwa na watu wetu. Lakini halafu alipangusa kiganja kwenye paja la kushoto, kisha akakipangusa tena, hivyo unavyofanya wewe tangu ulipokuwa hujui kufunga viatu, nami nikikugombeza kwa kuchafua nguo.

Kisha gari lake likawaka. Mimi, niliyetazama magari mangapi yakiungua huku natafuna karanga, nilivua kandambili nikaipiga televisheni ili mlango ufunguke. Itto ni shahidi. Kioo kina ufa sasa.

Niandikie kwamba macho yangu yamechoka. Niandikie kwamba ni msichana mwingine na wewe ulikuwa dukani unapanga chupa. Nitaamini kwa sababu nataka kuamini.

Bibi yako


Ouarzazate, 20 Juni

Tilila,

Natumaini u mzima. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ndilo ninaloliwaza kila ninapoamka.

Hujajibu. Basi nimejibiwa.

Nilimwita Moha, nikamwuliza ndani ya magari wanaweka nini. Akatazama miguu yake. Akasema mara nyingine sanamu, mara nyingine mtu. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii ananiacha nashangilia. Akasema alikuwa ananisikia ukutani ninavyocheka, na tangu baba yako Addi afe hakuwa amenisikia nikicheka, akaona aibu kuniharibia. Nimemfukuza. Kisha nikampelekea supu, maana kosa si lake.

Televisheni nimeifunika shuka. Itto anakuja kila Alhamisi anakaa mbele ya ile shuka kama aliyekuja matangani, anashona, ananitazama kwa pembe ya jicho. Anasema nikufungulie mlango wa maneno. Nami namwambia mlango haukufungwa na mimi.

Nilikulea kwa mikono hii baada ya baba yako kufa na mama yako kuolewa kwingine. Nilikuomba jambo moja tu. Hukuweza hilo moja.

Bibi yako, ambaye bado anakusubiri


Erfoud, 8 Julai

Bibi,

Nakubusu mkono, ukiukubali mdomo wangu. U hali gani? Goti je? Wasalimie Itto na Moha.

Ni mimi. Manukato niliuza mwaka mmoja, kisha nikaenda kujifunza kuendesha. Nilikuandikia barua nyingi nikazichana, ndiyo maana nimechelewa. Kiwiko kile hakikuwa ngazi.

Ule mkate niliambiwa niupite. Lakini ulikuwa mkate wa kweli, Bibi, wa shayiri, kama wako. Nilikuwa nimevaa kofia, kichwani nawaza kona ya mwisho na breki, mkono ukaenda wenyewe. Nikajua nimeharibu kazi ya watu wengi waliokaa juani tangu asubuhi. Mwongozaji akauliza kile ni nini. Fundi wa taa, mtu wa Zagora, akamwambia kwetu mkate haukanyagwi, hata kama dunia imekwisha. Mwongozaji akafikiri, akasema ibaki. Kosa lile ndilo watu wanaloniuliza kuliko magari yote.

Sitakudanganya tena. Magari yanayoruka angani yananing'inizwa kwenye winchi mbele ya kitambaa cha kijani, hata Itto angeweza kuyaendesha. Lakini moto ni moto. Navaa nguo juu ya nguo zilizotiwa dawa, watu wamesimama na mitungi ya kuzimia moto, na nikipiga kiganja juu ya dirisha wanazima. Ni muda mfupi kuliko wa chai yako kuchemka. Ndani unaonekana mrefu.

Uliniapisha, nami niliapa nikiwa mtoto kwa sababu ulikuwa unalia. Miaka yote umekuwa ukimtafuta mtu anayetoka kwenye gari. Nilikuwa nalala pembeni yako najifanya nimesinzia, nakuona unavyomngojea afungue mlango. Nikataka niwe huyo.

Mwisho wa mwezi huu, hapa nje ya Erfoud tunapopiga sehemu ya tatu, gari linaruka juu ya korongo, linatua vibaya, linabiringika, linawaka. Hakuna winchi. Nimemwambia mwongozaji sipandi bila radhi yako. Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Yuko dereva mwingine tayari kuchukua nafasi yangu. Ukisema hapana, narudi, na safari hii nitauza manukato kweli.

Mjukuu wako,
Tilila


Ouarzazate, 17 Julai

Tilila mwanangu,

Salamu. Goti liko pale pale. Mbuzi amekula mtandio ulionitumia, ule wa pinki. Haukuwa mzuri sana.

Umenitwisha mzigo, wewe mtoto. Nikisema hapana, nitakuwa nimekuua ukiwa hai, utakaa dukani unanichukia kwa adabu. Nikisema ndiyo, na likatokea la Tichka, nitamwambia nini baba yako tukikutana? Siku tatu sikumsemesha mtu. Itto akaanza kuogopa, akamleta imamu, nikamwambia imamu mimi siumwi, nafikiri, akanywa chai akaenda zake.

Kisha nikaiondoa shuka. Nikamwambia Moha aitafute ile filamu upya, nikakaa mbele kabisa, nikaitazama yote bila kufumba macho, ufa wa kioo ukikata jua katikati. Yule mzee wa uso wa chuma alikufa wazi kabisa, tena akaanguka ndani ya nyota, halafu mwishoni tunaonyeshwa kidole chake kinatikisika. Hiyo sikubali. Mwambie mwongozaji wako kwamba mtu akianguka ndani ya nyota amekwisha.

Lakini ulipoishika ile kona chini ya mwezi unaoporomoka, magurudumu mawili hewani, magari ya wapinzani watatu yakakubana na wewe ukapita chini ya matumbo yao, nilisimama na goti langu bovu. Itto alikuwa ameshasimama kabla yangu. Tulipiga kelele mpaka Moha akaja na fimbo akidhani tumevamiwa. Siwezi kukana. Unaendesha vizuri. Unakaa kama baba yako, bega moja juu.

Kisha ukaungua. Kisha ukatoka. Hukujipangusa vumbi kama wengine. Uligeuka kulitazama gari, ukasimama pale na moto karibu na uso, mpaka mtu akakuvuta mkono. Wengine watasema ni uigizaji. Mimi nimejua unamtafuta nani mle ndani. Hayumo, Tilila. Mimi nilimbusu akiwa ndani ya sanda, mimi najua alipo. Ukitoka, ondoka. Usitazame nyuma, utaunguza nyusi, nazo ndizo uzuri wako wote.

Mwambie huyo mwongozaji nimekubali upande gari. Lakini radhi ni kitu kingine, na hiyo sikutumii kwa barua. Ukiipata mkononi utaona mambo yamekwisha, utalegea. Radhi yako iko hapa, nimeiweka ndani na mimi nimekaa mlangoni. Utakuja kuichukua kwa miguu yako mwenyewe. Kwa hiyo itabidi utoke.

Kondakta wa basi la Erfoud atakupa mkate. Nimeuoka leo, wa shayiri. Usiule na usimpe mtu aule. Uweke mbali na moto, mahali pa juu, pale macho yako yatakapoangukia mlango ukifunguka. Utembee kuufuata huo.

Sitalala siku hiyo. Lakini hayo si kazi yako kuyawaza. Wewe waza breki.

Bibi yako,
Rkiya


Erfoud, 30 Julai

Bibi,

Nimetoka.

Sikutazama nyuma. Nyusi zipo, zote mbili. Ubavu unauma, daktari amepapasa, amesema nimechubuka tu, hakuna kilichovunjika.

Mkate niliuweka juu ya paa la lori la maji. Mlango ulikataa kufunguka kwa teke la kwanza, ukakubali la pili, nikauona kule juu, nikatembea. Walikuwa wananiita, wananishangilia, sikusimama. Nilipanda kwenye tairi la lori nikaubusu. Umekuwa mgumu kama tofali, umenikwaruza mdomo. Mwongozaji alitaka nirudie mbele ya kamera. Nikamwambia huo si wa filamu.

Barua hii nimempa kondakta, inatangulia na basi la leo. Mimi nimo kwenye la kesho. Ukikaa mlangoni, uweke mto chini ya goti, na ukimwona mtu anashuka pale kituoni akishika ubavu, usiinuke.

Nakuja kuchukua changu.

Mjukuu wako,
Tilila