Matairi Aliyokupa Pius

Baba Neema,

Pius ameota kitambi. Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai ulitaka kusikia habari za rafiki yako kabla ya zangu, na sidhani kufa kumekubadilisha. Ana kitambi, ana koti jipya la ngozi, na bado anasalimia watu kwa mikono miwili kama askofu. Tangu tukuzike amekuwa mtu wa heshima sana. Msibani alilia kuliko mimi. Watu wa chama chetu cha huku ugenini wakanong'onezana kwamba huyo ndiye rafiki wa kweli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye sofa letu, nimefungwa khanga na wanawake wa watu, namtazama akipangusa macho, nikawa najiuliza kama machozi yale nayo aliyatoa kwenye kontena lake kule Jordbro, pamoja na vitu vingine vilivyokwisha kutumika.

Hukuwepo polisi walipokuja, kwa hiyo nikueleze. Alikuja afisa mwanamke, akavua viatu mlangoni kama wafanyavyo Waswidi, akakaa jikoni kwetu hapa Alby. Akasema mwendo wako ulikuwa wa kawaida. Pombe hapana, simu hapana. Ulifika kwenye kona ya ile barabara ya msituni, ukitoka Huddinge kwenda Haninge, na lami ilikuwa na barafu nyembamba ambayo macho hayaioni. Ukakanyaga breki, gari halikusikia. Likaenda kwenye miti.

Nikamuuliza, na matairi je? Akasema yalikuwa matairi ya baridi, alama zipo ubavuni, meno yana urefu unaotakiwa. Ila mpira umezeeka. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na mpira mgumu hauwezi kuishika barafu hata meno yawe marefu namna gani. Sheria inapima meno, akasema, haipimi ugumu. Basi hakuna wa kushtakiwa. Akanywa chai yake, akanipa pole, akavaa viatu.

Na mimi nilikuwa nimekuambia. Siku ile ulipofunga hayo matairi aliyokupa Pius nilishuka kukuletea chai, nikabonyeza tairi moja kwa kidole gumba, nikakuambia haya mbona kama meza. Ukacheka. Ukasema, kwa Kiswahili chako cha Jinja ambacho miaka yote ya ndoa haikukinyoosha, "Mama Neema, wewe angalia wazee yako. Tairi achia mimi na Pius." Wazee yako! Mimi niliyekuwa naendesha gari la kazi mchana kutwa, nyumba kwa nyumba, kuogesha na kulisha wazee wa Kiswidi, theluji iyeyuke isiyeyuke. Gari la kazi lilikuwa na matairi laini, ukiyabonyeza yanaingia. Nilijua gari linavyotakiwa kushika barabara. Lakini Pius ni mtu wa nyumbani, Pius mlikimbia naye nchi mkiwa vijana, Pius hawezi kumpa ndugu yake kitu kibaya. Ulikuwa mwanamume mwenye akili zake, na ukaziweka zote mfukoni mwa mtu anayeuza makapi.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hukuwa mzembe. Asubuhi za baridi ulikuwa unashuka kabla yangu. Nikifika chini nakuta vioo vyote vimekwanguliwa barafu, mpaka cha nyuma, mpaka vioo vya pembeni, na kiti changu kina joto. Hukuwahi kusema neno juu ya jambo hilo wala kungoja asante. Nimeona wanaume wengi hapa wanakwangua katundu kadogo mbele ya usukani wanaondoka wakichungulia kama wezi. Wewe hapana. Na mtu huyohuyo, mwenye subira ya kusafisha kioo cha nyuma, akaenda kufunga takataka zile chini ya gari. Nikifikiria hapo nataka kukutikisa mabega, halafu nakumbuka hakuna mabega.

Pale msibani Pius aliniinamia akasema, "Shemeji, ni mapenzi ya Mungu." Mungu hana kontena Jordbro.

Sasa habari za mwanao. Neema amepata leseni. Alifeli mara ya kwanza akalia, mara ya pili akapita akanijia na uso wako, ule wa kujifanya si kitu. Amepata kazi ghalani, hukohuko Jordbro, zamu ya asubuhi. Kwa treni ni lazima aingie kwanza mjini halafu atoke tena upande wa pili, na hiyo zamu ingekuwa imeshaanza. Basi amejinunulia kagari. Na njia ya kwenda kazini ni ileile ya msituni. Nilipotambua hivyo nilikwenda bafuni, nikafungua maji, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Majani yalipoanza kuanguka, Pius akaja. Jumamosi mchana, watu wote wa jengo wako nje. Akafungua nyuma ya gari lake, akashusha matairi manne, akayapanga mbele ya mlango wetu kama mtu anayeleta mahari. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya juu, "Haya ni zawadi kwa mtoto wa marehemu ndugu yangu. Sitaki shukrani." Majirani zetu Wakongo wakapiga makofi. Mama mmoja akasema huo ndio upendo.

Nikainama. Nilikuwa nimeshajifunza, Baba Neema. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba ndogo ndani ya duara refu, zinaonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa. Yale yalitengenezwa Neema akiwa bado anajifunza kusoma. Nikabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukakunjika.

Nikamwambia, "Shemeji, yarudishe ulikoyatoa."

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki akashusha sauti, akasema nisimwaibishe mbele za watu. Nikamwambia, basi fanya haraka kuyapakia, kabla watu hawajaongezeka. Akayapakia. Alikuwa anahema.

Usifikiri yaliishia hapo. Zikaanza simu. Mjane ana kiburi. Mjane amechanganyikiwa na huzuni. Mjane amekataa zawadi ya mzee. Dada zako wa kanisani, wale waliokuwa wanakula pilau yangu wakilamba vidole, hawakuniuliza hata mmoja kwa nini. Mwishoni mwenyekiti wa chama akaniita kwenye kikao Jumapili baada ya ibada, ili mimi na Pius tupatane. Unamjua mwenyekiti. Mtu anayetumia saa nzima kufungua kikao na dakika moja kufikiri. Akasema sisi tuko ugenini, tusipopendana tutachekwa. Akasema Mama Neema atasamehe, Bwana Pius naye atasamehe. Nikajiuliza huyo wa pili atasamehe nini.

Pius akasimama. Akazungumza vizuri sana, lazima nikiri. Akasimulia mlivyovuka mpaka usiku mkiwa vijana, mlivyogawana blanketi moja. Watu wakatikisa vichwa. Akasema, "Mimi sikujua. Tairi ni tairi. Yana alama ya baridi, yana meno. Nani angejua?"

Sikuwa nimepanga kusema kitu. Lakini mkewe, Mama Grace, alikuwa amekaa mkabala nami, mkoba mapajani, anatazama sakafu, na nikakumbuka kwamba yeye naye anaendesha gari kwenda kazini. Nikamuuliza Pius swali moja tu. Nikasema, "Shemeji, gari la mkeo lina matairi gani?"

Akamgeukia mwenyekiti kana kwamba swali limeulizwa kwa lugha asiyoijua. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba hayo si ya kikao hiki.

Mama Grace ndiye aliyejibu. Hakuinua sauti. Alisema, "Mapya. Ananinunulia dukani. Huwa ananiambia nisimruhusu mtu kunifungia ya kontena, ati yale ni ya kuuzia watu."

Nikasikia sufuria ya chai ikichemka jikoni. Pius alibaki amesimama, mikono yake miwili ya kiaskofu ikining'inia. Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima kuona kitu pale, aibu, hofu, chochote. Nikaona mtu aliyemkasirikia mkewe. Basi. Hicho ndicho ulichokiita ndugu.

Unadhani walifanya nini wenzako? Unadhani kuna aliyesema neno? Mwenyekiti alisema tunywe chai. Ila vikombe vilikuwa havijajaa nikaona mmoja anajifanya amesahau simu garini, akatoka. Akafuata wa pili, anakwenda kuvuta sigara, yeye asiyevuta. Nikaenda dirishani. Wanaume wazima, wamevaa suti za kanisani, wamechuchumaa kwenye maegesho wanabonyeza matairi yao kwa vidole. Wote walikuwa wamenunua kwake. Hakuna aliyerudi ndani kunipa pole. Wiki iliyofuata kontena lilifungwa, na sasa nasikia Pius anauza masofa.

Mama Grace peke yake alinifuata mlangoni. Akanishika mkono, akasema, "Nilidhani wewe unajua." Nikamwambia sikujua. Sijui kama amerudi kwa amani nyumbani kwake. Nimempigia mara kadhaa, anapokea, tunazungumza habari za watoto.

Basi mimi na Neema tukaenda kwenye gereji moja kule Spånga, mbali na watu wetu wote. Kijana wa kaunta alimtazama Neema, akanitazama mimi, akaniuliza kama mume wangu ana aina anayoipenda. Nikamwambia alikuwa nayo, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Hakuelewa. Akaanza kunionyesha matairi ya mwaka mzima, ya kiangazi na baridi kwa pamoja, eti yanapunguza usumbufu. Nikamwambia usumbufu ninaoujua mimi hayaupunguzi. Akaleta mengine, ya baridi kweli, yasiyo na ile misumari midogo ya chuma inayouma barafu, lakini ni yale yanayotengenezwa kwa ajili ya Wajerumani na mvua zao, mazuri kwenye barabara kuu yenye maji, si kitu kwenye barafu. Nikamuuliza mpira wa Kaskazini uko wapi, ule laini wa kushika barafu. Hapo ndipo alipoanza kunitazama mimi badala ya kutazama kompyuta.

Tukabaki na mawili. Laini bila misumari, au yenye misumari. Neema alitaka yasiyo na misumari. Akasema kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, kwamba ya misumari yana kelele, yanachimba lami, yanarusha vumbi watu wanalivuta, na kuna mitaa ya mjini hairuhusiwi kupita nayo. Yote kweli. Kama angekuwa anaendesha kutoka hapa kwenda mjini ningekubaliana naye, barabara zile zinamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu kila mara. Lakini asubuhi kwenye ile barabara ya msituni chumvi inafika imechelewa, na kwenye kivuli cha miti barafu inalala hadi mchana. Nikamwambia mjini atakwenda kwa treni. Akafungua mdomo kubishana. Sijui aliona nini usoni kwangu, akaufunga, akamwambia yule kijana afunge ya misumari, yote manne. Nikasoma namba za ubavuni, tairi moja baada ya jingine, nimepiga magoti kwenye sakafu ya watu. Yalikuwa mapya. Nikabonyeza. Yakaingia.

Juzi ilianguka theluji ya kwanza, ikayeyuka, ikaganda. Nilikuwa sina kazi. Nikamwambia Neema nakwenda naye. Akasema hakuna haja. Nikapanda. Misumari ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, hatukuweza hata kusikia redio. Tulipoingia msituni akashika usukani kwa mikono yote miwili. Kabla ya kona akapunguza mwendo, akaniuliza, kwa Kiswahili, "Ni hapa?" Nikasema ni hapa. Tukapita. Mti mmoja una kovu, gome halijarudi.

Tulipofika Jordbro zamu yake ilikuwa bado. Nyuma ya maghala kuna uwanja mkubwa mtupu, wote umeganda unang'aa. Nikamwambia aende katikati, akimbize, halafu akanyage breki kwa nguvu zote. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikamwambia fanya.

Akafanya. Gari likasimama.

Halikwenda popote. Lilitikisika kidogo, likasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Sikujua, Baba Neema, kwamba ni jambo dogo namna hiyo. Nilikuwa nadhani barafu ile ilikuwa kubwa kuliko wewe, kwamba hakuna ambacho kingekuzuia. Nikalia palepale kwa hasira, mkanda bado uko kifuani, na Neema akazima gari akanikumbatia bila kusema kitu kwa lugha yoyote.

Nimemaliza kukugombeza. Kwa leo. Lala salama huko ulikolala, na mkono wako naushika kwa mawazo tu, maana hakuna namna nyingine. Wanasubiri nimsamehe Pius, wacha wasubiri. Wewe nimekusamehe, ila polepole, na si kila siku. Na hili nakuahidi: Neema akija kupata watoto, nitawaambia babu yao alikuwa mtu mwema aliyempashia mkewe kiti joto kila asubuhi, na kwamba hakuchukuliwa na Mungu kwenye kona ile. Aliuawa na mpira mgumu na ubishi. Nitawaambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno, na watakupenda.

Mkeo,
Mama Neema