Mkono Niliouinua Majini

Mdogo wangu mpenzi, Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujauliza, mimi ni mzima kasoro mguu mmoja. Natumaini nawe u mzima, na kwamba wazazi wa wodi yako wanakupa walau nafasi ya kunywa chai ingali moto. Mgongo wako je? Uliniambia unakuuma ukikesha na mtu mwenye uchungu mrefu. Jikande, mdogo wangu, wewe unawahudumia wote na wa kukuhudumia hayupo karibu.

Baba anakusalimu sana. Goti lake hutabiri mvua kuliko redio, na mwezi huu limetabiri hadi limechoka. Najua ameshakusimulia habari za mashindano kwa simu, maana amemsimulia kila mtu, hata msoma mita za umeme aliyekuja kwa shughuli zake akatoka hapa ameshiba ushujaa wa mkwe. Alichokuambia ni kweli. Ila Baba alikuwa kwenye hema. Niliyekuwa majini ni mimi, na nina jambo nisiloweza kulisema kwa simu, kwa sababu kwenye simu mtu akinyamaza mwenzake hudhani laini imekatika, na mimi ningenyamaza sana. Tafuta mahali ukae, usome taratibu.

Unaijua kazi yangu. Kila asubuhi napanda kwadi ya idara ya maji, ile pikipiki ya magurudumu manne, nalifuata bomba kuu kutoka kwenye chanzo hadi tangi la mjini nikitafuta panapovuja. Njia ya mashindano ya kwadi inapita msitu wa mikaratusi, inashuka machimbo ya kokoto, inavuka kijito na kupanda tena, yaani inapita kazini kwangu. Wenzangu wakanishikilia nikajiandikishe. Wakasema Mama Bomba asiposhiriki nani ashiriki, na idara ikakubali kuniazima ile kwadi. Nikawaambia mimi naendesha kwa mshahara, siendeshi kwa sifa. Yangeishia hapo, lakini shemeji akafungua mdomo.

Namwita shemeji ingawa bado hamjafunga ndoa, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Siku hiyo alikuja nyumbani kuchukua kipimo cha meno ya bandia ya Baba. Alikuwa amemjaza Baba mdomoni ule ujiuji wa waridi wa mafundi meno kama yeye, unaogandisha umbo la fizi, Baba hawezi kusema neno, naye ndiye anasema kwa niaba ya wote wawili. Akanieleza kwamba anaingia mashindanoni na kwadi yake nyekundu, na kwamba kama nami nitaingia nisiwe na wasiwasi, tukikutana mahali pembamba atanipisha kwa heshima ya dada mkubwa. Baba akacheka, nusura aumeze ule uji. Mimi sikucheka. Unajua sikuwahi kumpenda sana yule mtu. Manukato mengi, maneno mengi. Nakwambia hili mapema ili unaposoma yanayokuja upunguze mwenyewe chumvi yangu, kama ipo.

Basi nikajiandikisha.

Mvua ilianza katikati ya wiki na haikukata. Asubuhi ya mashindano uwanja wa kuanzia ulikuwa kama umekorogwa kwa mwiko. Kiongozi wa mashindano, mzee mmoja aliyekuwa akifundisha watu kuendesha magari, alizunguka na filimbi yake shingoni akimuuliza kila mtu kama tuahirishe, na kila mtu alimjibu kwa kutazama pembeni, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana mwoga. Nilikwenda mwenyewe kukiangalia kijito. Maji yalikuwa ya magotini, ya kahawia, yakienda kasi bila kelele. Nikaridhika. Hapo nilikosea, kwa sababu nilitazama maji sikutazama ukingo.

Tulipoachiwa, mwenzio nilisahau mara moja kwamba naendesha kwa mshahara. Tope lilinijia usoni kama mtu analirusha kwa sepetu. Nikaivua miwani, maana kila nikiifuta kwa glavu nilikuwa napaka tu. Nilisimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, nikiuacha mtambo ucheze chini yangu kama ninavyofanya siku zote kwenye utelezi, na kila nilipotamani breki nilijizuia, kwa kuwa kwenye udongo wa mfinyanzi ukikanyaga breki umejiuza. Msituni watu walianza kupungua. Mmoja alikumbatia mti. Wengine walinasa kwenye mteremko wa machimbo, matairi yanazunguka na kwadi haziendi, injini zinalia kama mbuzi waliosahauliwa. Shemeji alikuwa mbele yangu, nyekundu yake imekuwa rangi ya tope. Pale machimboni njia inabana kati ya ukuta wa mawe na shimo. Sikungoja kupishwa. Nilipita upande wa shimo, tairi langu la nyuma likamwaga kokoto kwenye utupu, na nilipompita nilimsikia akipiga kelele, sijui ya hasira au ya kunihofia. Mbele yangu nilidhani hakuna mtu tena. Moyo ulikuwa unanipiga hadi kwenye meno.

Nikafika kijitoni kwa mwendo ule ule.

Maji yalikuwa yameula ukingo kwa chini, majani yamebaki juu kama mkeka uliofunika shimo. Tairi la mbele la kushoto lilizama, kwadi ikapinduka, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali ndani ya maji, chombo chote kiko juu ya mguu wangu na nyonga, mikono ya usukani imejichimbia kwenye tope. Injini ilikohoa ikazima. Mdogo wangu, sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Mvua tu, ikigonga helmeti yangu.

Mwanzoni maji yalikuwa shingoni na sikuogopa. Nilisukuma. Kwadi haikusogea hata unene wa kucha. Kisha nikaelewa kwamba yenyewe imekuwa bwawa: maji yanayoshuka yanagonga mtambo, yanakosa pa kupita, yanapanda. Yakafika kidevuni. Helmeti ikajaa ikawa nzito, nikahangaika na kifungo chake kwa vidole vyenye ganzi hadi ikatoka na kwenda na maji. Mwangalizi aliyewekwa pale hakuwepo. Baadaye nilijua alikuwa amekimbilia juu kumwokoa yule aliyegonga mti, na simlaumu. Nikaita. Sauti yangu ilinirudia mwenyewe.

Ndipo nikasikia injini.

Alitokea juu ya ukingo, akasimama. Alikuwa mbali nami kama ulivyo mlango wetu wa jikoni na kitanda cha Baba. Akakiinua kioo cha helmeti. Tulitazamana. Nikainua mkono mmoja nje ya maji, kiganja wazi, juu kabisa. Alikitazama kijito, akaitazama njia iliyo wazi ng'ambo, akanitazama tena. Halafu akashusha kioo, akapita upande wa juu ambako ukingo ulikuwa mzima, akavuka na kuupanda mlima. Matairi yake yalinirushia tope likaanguka majini karibu na mdomo wangu.

Ndiyo, mdogo wangu. Ni yeye. Shemeji.

Najua umeishusha barua kwanza. Hata mimi nimeiweka kalamu chini hapa, nikaenda na magongo yangu hadi dirishani na kurudi.

Sijui nilikaa vile muda gani. Sikuona malaika wala kuona maisha yangu yakipita. Nilifikiria funguo za nyumba ya pampu zilizokuwa mfukoni mwangu, kwamba nikifa nazo watavunja mlango mzima kwa upuuzi, na kwamba hakuna mtu mwingine anayejua ile koki ya tatu hufungwa kwa kuvutwa kwanza. Nilikukasirikia wewe, eti kwa nini umempenda. Maji yaliingia puani, nikakohoa, nikaivuta shingo hadi nikadhani itakatika, na nikawa napumua kwa kuvizia, kati ya wimbi na wimbi, midomo imeelekea juu kama samaki kwenye beseni.

Kisha injini tena, lakini ikitokea upande usio wake. Ilishuka kutoka ng'ambo. Unapaswa kujua kwamba kurudi kinyume cha njia ni kosa la kutolewa mashindanoni papo hapo, na hatari pia, maana yeyote anayekuja mbele anaweza kukusaga. Shemeji aliiacha kwadi ukingoni, hakushuka, aliruka. Aliingia majini na helmeti yake. Akaweka bega chini ya mtambo, akasukuma hadi nikasikia kitu kikilia ndani ya bega lake, haukunyanyuka. Ndipo akaja nyuma yangu, akakaa kwenye kile kitanda cha mawe na maji yakimfika kifuani, akakiinua kichwa changu akakiweka juu ya mapaja yake, na kunishika chini ya taya kwa mikono miwili. Akawa anapiga kelele. Aliita watu kwa sauti iliyopasuka, kisha akawa ananiambia mimi, "Dada, pumua. Pumua nami, dada." Hakuacha kusema hivyo. Mara ya kwanza tangu nimjue, maneno yake mengi yalinifaa.

Wa kwanza kufika alikuwa mwokaji mikate wa karibu na soko, mwanaume mwenye mikono kama magogo, na nyuma yake wawili wengine. Walimkuta shemeji amenishika kichwa. Hilo ndilo walilolikuta, na hilo ndilo walilolisema hemani. Wakaniinulia kwadi, wakanivuta. Kwamba ile nyekundu ilikuwa ng'ambo, pua yake imeelekea kwetu, hakuna aliyejiuliza. Mashindano alishinda mwalimu mmoja wa hesabu ambaye kumbe alitutangulia sote tangu msituni, akafika mwisho akashangaa hapigiwi makofi, watu wote wamekimbilia kijitoni.

Hemani Baba alimkumbatia shemeji, tope kwa shati jeupe, akalia mbele za watu. Wewe umewahi kumwona Baba akilia? Watu wakapiga makofi. Shemeji alisimama tu, bega limening'inia, akinitazama juu ya mabega ya Baba. Nami nilimtazama. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Alikuja kuniona baada ya mfupa kufungwa plasta, mkono wake mwenyewe ukiwa kwenye kitambaa. Hakuwa na manukato. Alingoja Baba atoke kwenda dukani, kisha akaniambia bila mimi kuuliza. Alisema aliuona mkono wangu. Alijiambia kwamba nimemwashiria apite, kwamba niko salama, kwamba nyuma kuna watu watanisaidia. Alisema alijua ni uongo hata alipokuwa anajiambia. Alisema alikuwa amekasirika kwa nilivyompita machimboni, na kwamba aliona njia iko wazi, na hakuwahi kushinda kitu chochote maishani mwake mbele ya watu. Alifika kona ya juu, pale mikaratusi inapoanza, na dole gumba lake likakataa kusukuma mafuta. Akageuza.

Nikamuuliza kama ameshakuambia. Akasema amejaribu mara nyingi, kila anapoanza anakuta ameanzia pale aliporudi. Ndipo akaniomba. "Mwambie wewe, dada," alisema. "Mimi nikimwambia nitajipamba."

Basi nimekuambia. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza ilikoma pale aliponirushia tope, nikaikunja, nikatafuta bahasha, halafu nikaona aibu, nikaichana. Alipita na alirudi, na vyote viwili nimekuwekea mbele yako kama vilivyokuwa. Usiniulize kipi kina uzito zaidi. Kuna siku nikijigeuza kitandani nakumbuka ile mikono chini ya taya yangu, nikamwombea heri. Siku nyingine nikisikia kwadi inakuja barabarani, najikuta nimeacha ninachofanya na kutega sikio, kujua kama itapunguza mwendo.

Mimi kwa upande wangu nimemsamehe, nimemwambia hivyo na nilimaanisha. Lakini msamaha wangu si ndoa yako. Utakayelala naye, ukaugua naye, ukamzalia, si mimi. Na usichukue hofu yangu ukaifanya yako, wala shukrani ya Baba. Baba hajui lolote. Ukitaka ajue, atajua kwako.

Jambo la mwisho. Ndugu zake walitaka kuja wiki hii kupanga tarehe ya harusi. Nimemwambia Baba awaombe wangoje, kwamba mguu wangu unauma mno siwezi kupokea wageni. Mdogo wangu, mguu hauumi. Nangoja neno lako, na ungoje hata mwezi, nitaendelea kuchechemea mbele ya Baba hadi ulipate.

Wasalimie wenzako wa wodini, na wale watoto wote uliowapokea juma hili. Kula vizuri. Ukilia, lia ukiwa umekaa, si umesimama kazini. Hapa nyumbani mlango wako uko wazi, uje na mtu au uje peke yako.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mama Bomba