Binti Yangu Alikataa kwa Kinywa Changu

Mpendwa Bi. Remedios, nisaidie, maana sijui hata nimkasirikie nani. Nachuma matufaha hapa bonde la Yakima, Marekani, Kiingereza changu ni cha shambani tu, kwa hiyo kwenye vikao vya wazazi binti yangu Yaretzi, ana miaka kumi na tatu, ndiye hunitafsiria, na juzi mwalimu wake wa hesabu aliongea kwa furaha kweli, mikono hewani, nikauliza, "Anasemaje, mwanangu?" akajibu, "Anasema naendelea vizuri, Baba," basi nikatabasamu, nikamshukuru mwalimu, tukaenda zetu. Jana Chayo, mama yake wa ubatizo, anayepika shuleni na amesikia kwa mwalimu mwenyewe, akanivamia: "Wewe Baba Yare, una akili kweli? Mtoto anapewa darasa la juu la hesabu, unakataa?" Kumbe Yaretzi alimwambia mwalimu kwamba mimi ndiye nisiyetaka! Nilipombana akalia: "Darasa ni mpaka jioni, Baba. Mama yuko zamu kiwandani, wewe shambani. Wadogo zangu mapacha watabaki na nani?" Sasa amenidanganya au ametuokoa? Nimwadhibu au nimwombe radhi? Na nikirudi kusema sikukataa, si wataniona punguani? Nafasi inafungwa Ijumaa.

Eleuterio

Bwana Eleuterio,

Usimguse huyo mtoto. Mmemfanya mlezi wa wadogo zake, mkalimani wako, na hakimu wa kesi yake mwenyewe. Shule ina kosa la kwanza. Sheria inawataka wakuletee mkalimani mtu mzima, bure, lakini mtoto ni rahisi zaidi, halafu wanashangaa mbona watoto wetu hawaonekani madarasa ya juu, wanasema sisi Walatino, watu tuliotoka Amerika ya Kilatini, hatujali elimu! Baba anakataa huku anatabasamu, na mwalimu hakushtuka?

La pili ni lako. Unamheshimu mwalimu mpaka humuulizi kitu. Kwetu hiyo ni adabu. Huku wanaichukulia kuwa hutaki.

Kesho matufaha yasubiri. Nenda shuleni na Chayo, Yaretzi abaki darasani. Sema: "Sikukataa. Naomba mkalimani, na nataka nafasi ya binti yangu." Wakikuona punguani, shauri yao. Kisha kaa na mkeo mpange nani atawaangalia mapacha. Badilisheni zamu, mwombeni jirani, gombaneni mkitaka. Hilo ni tatizo la watu wazima. Mkishalimaliza, si kabla, mwite Yaretzi umuulize kama analitaka darasa hilo. Akikataa tena, akatae kwa kinywa chake.