Asiransi ya Miwani ya Mwalimu

Feza, mjukuu wangu,

"Asiransi haimsaidii muuzaji kitu," anasema mjomba wako Dieudo wa kamati ya maonyesho ya Kasenga, na wewe unaniuliza kama ni kweli bima hiyo haina faida kabla hujapanga meza yako ya samaki. Sisi hapa wazima, na dada yako amejifungua mapacha. Dieudo amekosea.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza vitumbua sokoni, upepo ulinyakua parasoli yangu, ule mwavuli wa meza, ukaitupa usoni mwa mwalimu mzee, mteja wangu. Miwani yake ikavunjika.

"Mama, sasa bitumbula nitabiona namna gani?"

"Niko na asiransi," nilijibu kwa kiburi, nikiwaza parasoli mpya.

Wakala wa bima alicheka. "Mama, hii asiransi haiko ya parasoli yako. Iko ya miwani yake."

Nilimgombeza sana. Lakini wiki iliyofuata mwalimu alirudi na miwani mipya, akainamia karai langu.

"Kumbe biko bidogo hivi?"

Tulicheka, akanunua kama kawaida. Bila karatasi ile ya asiransi ningekuwa namkwepa njiani mpaka leo.

Dieudo, najua unasoma begani mwake. Usimpe Feza meza, wala muuzaji yeyote, kabla hajapata asiransi na kabla hujamweleza kwa Kiswahili inamlipa nani.

Bibi yako, Kambo