Jike wa Tangi la Tatu

Kongowe, Kibaha

Kaka Mwishehe,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinifundisha, moyo wenyewe hautaki. Simu zangu hupokei, basi soma.

Watoto wazima, mvua imenyesha. Habari zimeishia hapo.

Nilikwenda Morogoro siku mbili, nikakuachia samaki wangu uwalishe. Kuwalisha tu, kaka! Narudi, unaniambia kwa furaha kwamba yule jike mweupe wa tangi la tatu, mwenye madoa ya zambarau, alikuwa mgonjwa, taya limevimba, hali chakula, ukamtupia bata asije akaambukiza wenzake.

Hakuwa mgonjwa. Samaki hawa huatamia mayai mdomoni. Jike anakaa wiki tatu bila kula, mdomo kaufumba, mpaka watoto waweze kuogelea. Miaka sita nimechagua dume na jike, kizazi baada ya kizazi, niipate rangi ile. Alitoka mmoja tu, na watoto wake wote walikuwa mle kinywani.

Ukacheka. "Kudra, kwani si kasamaki tu?"

Na kile kikao cha shamba la mama hapo Kibuta, mlipogawana ninyi wanaume peke yenu, kaburi bado bichi! Nilikaa kimya, ukawaambia wajomba, "Kudra hana neno."

Nilikuwa nalo. Nilisubiri arobaini ya mama ipite kwanza.

Imepita jana. Jumamosi nakuja Kibuta, wajomba nimeshawaita. Mdomo nitaufungulia huko.

Mdogo wako,
Kudra